Mademoiselle Bado

Tuelewane mapema ili tusisumbuane: mimi sikuwa mwanafunzi hodari. Watu wakisikia kwamba mimi ni daktari wa hesabu wanaanza kunitungia utoto wa ajabu, eti nilikuwa nasoma vitabu vya kaka zangu, eti mwalimu wa darasa la tatu aliniona akatikisa kichwa. Uongo mtupu. Nilikuwa wa katikati tangu mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hadi wa mwisho, na kuna mwaka hata hiyo katikati niliipata kwenye mitihani ya marudio, wenzangu wakiwa wameshasahau. Nasema hivi kifua mbele, na mtu asinihurumie.

Naitwa Plamedi Ngalula. Nimezaliwa na kulelewa komini ya Kenya, na ninyi mnaosoma kutoka mbali msianze kutafuta Nairobi: Kenya yetu ni mtaa wa hapa Lubumbashi, wenye soko, magereji, na makanisa yanayoshindana kwa spika. Tata, yaani baba yangu, Symphorien Kabongo, anauza vipuri vya magari pale sokoni. Babu zake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na kwetu sisi watu wa Kasai mtoto asiposoma ni msiba, akisoma ni sherehe ya mtaa mzima.

Tantine Simone, dada mkubwa wa tata, ndiye mwimbaji wa kasala wa familia. Kasala ni sifa zetu Waluba. Mtu anasimama, anawaita wazee wako mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jambo alilolifanya, mpaka anafika kwako, na hapo unalia, au unatoa ulichonacho mfukoni, au vyote viwili. Tantine anaimba kwenye ndoa na kwenye matanga. Siku moja aliimba ndani ya benki, kwa sababu kijana wa dirishani alimjibu mama yangu vibaya, mama akakosa neno. Kwa Tantine, ndugu akisimama mbele ya wageni akanyamaza, dawa ni moja tu: waite wazee waje wasimame naye. Yule kijana aliomba radhi, kwa hiyo Tantine akaona dawa inafanya kazi.

Sasa, kwenye vyuo vyetu matokeo yanasomwa kwa sauti. Ukumbi mzima unasikiliza, na ndugu wanasikilizia mlangoni na makopo ya poda. Kwanza wanasomwa wenye distinction, yaani alama za juu, taratibu, kila jina linapumua. Kisha inakuja satisfaction, yaani sisi tuliopita tu, na majina yetu yanashushwa haraka kama mifuko ya unga. Ukishapita, ndugu zako wanakumwagia poda kichwani mpaka unafanana na fundi wa mashine ya kusaga. Tata alikuja kila mwaka na kopo lake. Kila mwaka alisikia satisfaction, na kila mwaka alinimwagia lote kama vile nimeshinda dunia.

Tatizo langu lilikuwa saa. Mwenzangu Franck, aliyekuwa wa kwanza tangu tulipoanza, akiona swali alikuwa ameshaona na jibu. Anasema ni wazi, anaandika, anatoka. Mimi hiyo ni wazi ilikuwa inanipandisha hasira. Wazi kwa nani? Nilitaka kuligeuza jambo, nilishike huku, nilishike kule, niliulize kwa nini halikuwa vingine. Nikiwa nimefika swali la pili, msimamizi anapita kukusanya karatasi, ananiambia mademoiselle, tunakusanya, na mimi bila kuinua kichwa najibu: bado. Nilisema bado kwenye kila mtihani, mpaka ukumbi ukawa unaingoja kama amina ya kanisani. Mwaka wa pili haujaisha, nilikuwa na jina: Mademoiselle Bado.

Tata alilichukia jina hilo. Siku moja ya kusomwa matokeo, vijana wawili nyuma yake walicheka kwamba Bado naye amefika, ila amekuja kwa mkokoteni. Akawageukia na kopo la poda mkononi, ikabidi Tantine amshike shati. Tangu siku ile jina hilo lilikatazwa nyumbani kwetu. Mdogo wangu alilisahau katazo siku moja, akalala bila bukari, ugali wetu.

Lakini nilikuwa na tabia moja. Mtihani ukiisha, mimi nilikuwa sijaisha. Nilirudi nyumbani, nikakaa na maswali yaleyale siku kadhaa mpaka yote yakanyooka, kisha nikampelekea profesa majibu. Mara ya kwanza nilipompelekea Profesa Chishimba, aliyetufundisha hesabu za bahati na uwezekano, hakunikaribisha kiti. Baada ya matokeo mlango wake unajaa watoto wa watu waliokuja kuomba pointi pamoja na wajomba zao, naye alidhani mimi ni mmoja wao. Aliniambia muda wa malalamiko umepita. Nami jeuri ikanipanda.

“Sikuja kuomba pointi, Profesa,” nikamwambia. “Nimekuja kumaliza.”

Alizichukua karatasi akazisoma akiwa amesimama. Baadaye akakaa. Hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Aliweka kidole mahali fulani akauliza kwa nini, nami nikamweleza kwa nini. Nilirudi baada ya mtihani uliofuata, na wa baada ya huo. Pointi zangu zilibaki palepale katikati, kwa sababu karatasi inayosahihishwa ni ile iliyokusanywa. Nikamaliza licence, shahada yetu, kwa satisfaction, tata akanimwagia poda mpaka kwenye kope, na nikaenda kufundisha hesabu kwenye sekondari moja ya mtaani kwetu. Mjomba alinitafutia kazi ya ofisini kwenye migodi, upande wa Kinsevere, nikaikataa kwa maneno ambayo mama amenikataza kuyarudia.

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto niliposikia simu inalia. Ulikuwa ujumbe wa Chishimba: nina swali ambalo halina saa, pita kwangu.

Swali lilikuwa la foleni. Mnaijua barabara ya Kasumbalesa, ya kwenda mpaka wa Zambia, na makamyo, yaani malori, ya shaba yaliyopangana mpaka madereva wanapika chini ya trela. Hesabu za foleni zipo tangu zamani, ila nyingi zinapenda mlango ulio wazi wakati wote. Chishimba alitaka kujua kinachotokea mlango ukifungwa na kufunguliwa bila mpango: mara mtandao umekatika, mara mvua, mara karani ameenda kula. Je, unaweza kumhakikishia dereva kwamba, kwa wastani, hatangoja zaidi ya kiasi fulani? Na kiasi hicho ni kipi?

Niliomba kulifanyia udaktari. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Idara ilitaka mtu mwenye distinction, na kwa kweli kanuni iliwapa haki. Chishimba, ambaye hakuwahi kumwombea mtu hata likizo, aliingia kwenye kikao chao akaniombea. Walimuuliza atawezaje kumpeleka kwenye udaktari mtu ambaye hajawahi kumaliza mtihani.

“Kwenye udaktari,” akawajibu, “hakuna anayepita kukusanya karatasi.”

Wakakubali shingo upande, kwa sharti kwamba nikianguka yeye ndiye atakayejibu. Nyumbani walichanganyikiwa. Mama alitaka kujua nitaolewa lini. Mjomba aliniambia udaktari ni wa akina Franck, mimi nijue kipimo changu. Kesho yake tata alirudi kutoka sokoni na kopo jipya la poda, akaliweka juu ya kabati la vyombo, na likakaa pale miaka yote iliyofuata, tukilipangusa vumbi kila Jumamosi.

Nilikaa na lile swali kama mtu na mume wake. Kuna misimu ya mvua iliyopita nzima bila mimi kusogea hata kidogo, na sikuogopa, kwa kuwa kukwama nilikuwa nimekuzoea. Franck hakuwa amekuzoea. Yeye alianza udaktari kabla yangu, na mara ya kwanza alipokwama miezi kadhaa alidhani ni mgonjwa. Aliacha, akapata kazi nzuri Kinsevere, na simsemi vibaya. Franck ana akili kuliko mimi, hilo hata leo silipingi. Tulibaki marafiki, na kila alipokuja mjini alisoma kurasa zangu, akinicheka kwamba ninathibitisha hata vitu ambavyo mbuzi angevikubali.

Mwishowe jibu lilikuja, kidogokidogo, jinsi vitu vyangu vyote vinavyokuja. Ndiyo, dereva anaweza kuhakikishiwa, na kiasi chenyewe ni hiki. Nilipolielewa lote nilifunga mlango wa chumba nikacheza peke yangu bila muziki. Nilijisikia mkubwa. Hakuna neno lingine.

Kabla ya utetezi wa kazi yangu kila mjumbe wa jury, jopo la watahini, aliandika ripoti yake. Profesa Nkandu, mgeni kutoka chuo kingine, aliandika kwamba kazi inavutia, lakini matokeo ya nyuma ya mtahiniwa hayampi imani, na kwamba atauliza. Chishimba alinisomea sentensi hiyo ofisini kwake, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nikikosa jibu mbele ya Nkandu, jury ingenirudisha, na safari hii idara isingenipokea tena. Chishimba naye wangemwambia: tulikwambia. Hakunieleza hayo, hakukuwa na haja.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Wanafunzi wangu wa sekondari walikuja na sare zao. Mama na shangazi zangu walivaa kitenge cha aina moja, tata alivaa koti la ndoa yake, na kopo la kabatini lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki katikati ya miguu yake. Franck alikaa mbele, na nyuma yake wenzetu wa zamani, ambao nina hakika nusu yao walikuja kuona kama nitamaliza. Mlangoni, kabla hatujaingia, tata alimpa Tantine Simone, yaya wake, yaani dada yake mkubwa, amri mbele yetu sote.

“Yaya, kasala ni kisha matokeo. Banatamka docteur, njo unasimama. Haina mbele.”

“Nimesikia, si kabla,” Tantine akasema.

Kusikia alisikia.

Maelezo yangu yalikwenda vizuri. Nilikuwa nimeyasema mbele ya watoto wa sekondari mpaka wao wenyewe wanayajua. Wakafuata wajumbe na maswali yao, nikajibu, na prezida wa jury, mzee mwenye sauti ya padri, alikuwa ameweka simu mezani inayohesabu muda wa kila swali. Niliiona ile simu. Miaka yote ile nilikuwa nimeishi bila saa, na sasa saa ilikuwa imerudi, imekaa mezani, inanitazama.

Nkandu alikuwa wa mwisho. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha. Alifungua sura ya mwisho, akasoma polepole mahali nilipoandika kwamba mlango ukifungwa kwa muda ambao wastani wake ni mdogo, basi ni wazi kwamba wastani wa kungoja nao una kikomo. Akaniuliza: je, huo wastani wa kufungwa unatosha? Una hakika? Tuonyeshe ubaoni.

Ni wazi. Katika kazi nzima yenye kurasa zile zote nilikuwa nimeandika maneno hayo mara moja tu, mwishoni kabisa, nikiwa nimechoka na Franck akinicheka, na mtu huyu aliyatafuta mpaka akayapata. Niligeukia ubao, nikashika chaki. Katika sehemu kuu ya kazi milango yangu ilifungwa kwa muda usiozidi kiasi kinachojulikana, na pale sikuwa na wasiwasi. Lakini hapa niliruhusu kufungwa kwa urefu wowote, mradi wastani uwe mdogo. Je, inatosha? Franck alikuwa akinitazama, na kichwa chake kilisema ndiyo, ndiyo, sema ndiyo. Ukumbi mzima ulitaka niseme ndiyo. Ulimi wenyewe ulikuwa umeshajipanga kusema ndiyo.

Nikanyamaza.

Nilisikia mtu anakohoa. Niliona prezida akitazama simu yake. Nikainamisha kichwa, kwa sababu ndivyo ninavyofikiri, kichwa chini, macho kwenye vidole vya miguu. Na Tantine Simone, kule nyuma, hakuona mtu anayefikiri. Aliona mtoto wa mdogo wake amesimama peke yake mbele ya wageni waliovaa majoho, amekosa neno.

“Mutoto yetu iko nanyamaza,” alimwambia tata. Na kabla tata hajanyoosha mkono, alikuwa amesimama.

Sauti ya Tantine haihitaji spika. Alianza na Mbuyi, akaja kwa Kanku wa Mbuyi, aliyelala ndani ya behewa huko Kasai akaamka Katanga bila kuuliza njia. Prezida aligonga meza. Tantine aliuchukulia mlio ule kama ngoma, akaendelea nao. Bawabu mmoja alimsogelea, akasikia anayeitwa ni mfu, akarudi nyuma. Nani atamshika mama aliye katikati ya kuwaita wafu? Kisha nusu ya ukumbi, maana nusu ya ukumbi ni watu wetu, wakaanza kumwitikia. Chishimba alifunika uso kwa viganja. Mimi nilitaka sakafu inimeze, kwa kweli nilitaka kufa, jasho la miaka yote ile linaondoka kwa wimbo mmoja.

Halafu nikagundua kwamba hakuna anayenitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nijue mitihani, saa ilikuwa imesimamishwa, na si mimi niliyeisimamisha. Nikageuka tena ubaoni, nikaligeuza jambo langu, nikalishika huku, nikalishika kule.

Na jambo lenyewe lilikuwa linaimba nyuma yangu. Utetezi mwingi unapita bila mtu kusimama kuimba. Ukichukua wastani wa vurugu za kasala kwenye vyuo vyote, utapata karibu na sufuri, dakika za kuchekesha. Lakini mwulize prezida, mwulize Nkandu, waulize wote waliokaa pale kwenye vile viti wamekwama: wao hawakukutana na wastani. Wao walikutana na Tantine.

Nikaanza kuandika. Kufungwa kurefu kunakamata watu wengi, kwa sababu ni kurefu, na wengi wanafika wakati bado kumefungwa. Na kila kunayemkamata, kunamngojesha zaidi, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo urefu unahesabiwa mara mbili, urefu mara urefu. Wastani mdogo unaweza kuficha siku chache mbaya kabisa, na siku hizo chache ndizo watu walimo. Chaki ilikatika, nikachukua nyingine.

Nyuma yangu Tantine alifika kwa Kabongo wa kwanza, yule wa reli, kisha akamgusa tata bega ili amwite naye, na tata akapata nguvu ya kumvuta kitenge. Tantine akakaa chini ghafla. Alikuwa hajafika kwangu. Ukumbi ulinyamaza kwa aibu ile ya watu waliogundua kwamba walikuwa wanaitikia.

Prezida alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alisema hili halijawahi kutokea, akasema angeweza kutoa watu wote nje. Kisha akanigeukia mimi, akaichukua simu yake mezani.

“Muda wa swali hili umekwisha, mademoiselle,” akasema. “Umemaliza?”

“Bado,” nikasema.

Wenzangu wa zamani walicheka, safu nzima, hawakuweza kujizuia. Nami nilisikia jinsi neno lilivyotoka, bila kuomba radhi kwa mtu. Nkandu alikuwa ameinuka kitini ili aone ubao vizuri. Alimwambia prezida kwamba swali ni lake, na yeye anataka jibu lake.

“Hapana, Profesa,” nikamwambia. “Wastani hautoshi. Ukurasa huu si kweli kama nilivyouandika.”

Franck alifumba macho. Chishimba aliinua uso. Nikawaeleza yote, kwa utaratibu wangu, bila kukimbia. Niliwaambia wamtazame mama aliyeimba, kwamba nyimbo kama zake ni nadra na kwa wastani si kitu, lakini sote humu ndani tumengoja, na tulikuwa wengi. Niliandika sharti linalotakiwa: si wastani wa urefu tu uwe na kikomo, bali wastani wa urefu mara urefu. Nikaonyesha kwamba bila sharti hilo dereva anaweza kungoja, kwa wastani, bila kikomo chochote, hata kama mlango kwa kawaida uko wazi. Nikaonyesha kwamba kwa sharti hilo hesabu yangu yote inasimama. Nikaweka chaki chini.

“Sasa nimemaliza,” nikasema.

Nkandu hakutabasamu. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, kirefu, akasema hana swali lingine.

Jury walipotoka kwenda kushauriana, hakuna aliyemsogelea Tantine. Alikaa ameshika mkoba wake, mdomo umembana, na tata akitazama ukuta. Nilitaka kwenda kwao, Chishimba akanishika mkono akaniambia nibaki nilipo. Nilisimama pale nikifikiri kwamba nikirudishwa leo, nitarudishwa nikiwa nimesema kweli, na nilishangaa kuona kwamba wazo hilo linanitosha. Hasira zangu zote za miaka ile, sijui zilikuwa zimekwenda wapi.

Walirudi. Tukasimama. Prezida alisoma kwa Kifaransa kile chenye maneno marefu, mpaka akafika: jury inamtangaza Plamedi Ngalula kuwa docteur en sciences, kwa grande distinction, baada ya kurekebisha ukurasa ambao mtahiniwa ameurekebisha mwenyewe mbele yetu. Tata alikuwa amezoea neno moja, satisfaction. Aliposikia hilo jingine alimgeukia mama akamuuliza ni nini kile wamesema, naye mama alikuwa analia. Chishimba alinishika mabega yote mawili. Kisha akaweka kidole kwenye ubao, pale kwenye lile sharti, jinsi alivyokuwa akiweka zamani kwenye karatasi zangu, ila safari hii hakuuliza kwa nini.

Kisha prezida akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alivua kofia yake, akatazama kule nyuma.

“Mama,” akasema, “nadhani wewe pia ulikuwa hujamaliza.”

Tantine hakungoja kuambiwa mara mbili. Alirudi kwa Kabongo wa reli, palepale alipovutwa kitenge, akapita kwa Symphorien anayeuza vipuri na asiyeuza uongo, akafika kwangu. Akaniita Ngalula. Akaniita mara ya pili. Halafu akanyamaza, na watu wetu wakanyamaza naye, kwa sababu wanajua. Katika familia yetu mtu haingii kwenye kasala na jina la cheti tu. Anahitaji jina la sifa, lile ambalo wajukuu watamwitia, na baba yake ndiye anayelitoa. Tantine alimgeukia tata.

Tata alisimama na lile kopo mkononi. Alinitazama. Aliwatazama wale wenzangu wa zamani, safu yote iliyocheka, na nilimwona taya likicheza, nikadhani sasa tutagombana tena, siku kama hii. Kisha akanyoosha mgongo ndani ya koti lake la ndoa.

“Bado,” akasema kwa sauti ya sokoni. “Bantu yote basikie. Jina yake ni Bado.”

Tantine akalichukua jina, akaliweka baada ya Kabongo wa reli na Symphorien wa vipuri, akaliimba: Ngalula wa Kabongo, Bado, ukikusanya karatasi yake atakufuata na jibu mpaka mlangoni kwako. Ukumbi ukaitikia, Franck akiwa wa kwanza. Nami nililia mbele ya maprofesa wote, kwa sauti, na tata akafungua kopo.